Shackleton: Kiongozi Aliyerudi na Watu Wake

Ernest Shackleton alizaliwa mwaka 1874 huko Kildare, Ireland, akasoma Dulwich College, London. Darasani hakuwa mwanafunzi wa kusifika. Alipotimiza miaka 16 aliacha masomo akawa baharia.

Siku zile Ncha ya Kusini ya dunia ilikuwa haijakanyagwa na mtu. Tarehe 9 Januari 1909 Shackleton na wenzake watatu walibakiza kilomita 180 hivi kuifikia. Chakula kilikuwa kidogo na miili imedhoofu. Aliona kwamba wakiendelea huenda watafika, ila hawatarudi hai. Akaamuru wageuke. Mwaka 1911 Amundsen wa Norway akafika Nchani, na sifa ikawa yake.

Mwaka 1914 Shackleton alitoka tena, akikusudia kulivuka bara zima la Antaktika. Januari 1915 meli yake, Endurance, ilinaswa na barafu, Novemba ikazama. Watu 28 wakabaki juu ya barafu inayoelea, na duniani hakuna aliyejua walipo. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aprili 1916 barafu ilipopasuka, waliingia katika mashua tatu wakafika kisiwa cha Elephant, kisichokaliwa na watu. Kutoka hapo Shackleton na wenzake watano walikata bahari ya dhoruba kwa mashua moja, kiasi cha kilomita 1,300, hadi South Georgia. Kituo cha wavua nyangumi kilikuwa upande wa pili wa kisiwa. Basi yeye na wawili wakavuka milima ya theluji kwa saa 36, bila hema.

Mara tatu alijaribu kuwafuata wale 22 waliobaki, na mara tatu barafu ikamzuia. Mara ya nne, tarehe 30 Agosti 1916, meli Yelcho ya Chile iliwafikia. Wote walikuwa hai. Hata hivyo, msiba haukukosekana: watu watatu wa kikosi chake kingine, kilichotumwa upande wa pili wa bara kuweka akiba ya chakula, walikufa.

Shackleton alifariki tarehe 5 Januari 1922 huko South Georgia, akazikwa huko huko.

Nchani hakufika, na bara hakulivuka. Lakini ninyi viranja wa leo, nanyi wazee wetu mnaoongoza maofisini, jiulizeni kama alivyojiuliza yeye: nimetoka na watu wangapi, na nitarudi na wangapi?