George Eastman: Aliacha shule akiwa na miaka 14, akakuwekea kamera mkononi

Hebu toa simu mfukoni. Bonyeza mara moja, picha ndiyo hiyo. Hujagusa kemikali, hujabeba kioo, hujajifungia kwenye hema la giza. Kuna jamaa alitaka iwe rahisi hivi, na alianza kulitaka jambo hilo akiwa karani wa benki, rika lako, na familia inamtegemea.

Anaitwa George Eastman. Alizaliwa Julai 12, 1854, Waterville, jimbo la New York, Marekani, kisha familia ikahamia mji wa Rochester. Babake alifariki 1862. Mamake akaanza kupangisha vyumba vya nyumba ili watoto wale, na dada mmoja alikuwa amelemazwa na polio. Kama umekulia kwenye nyumba ya hesabu kali unajua kilichofuata. Akiwa na miaka 14 aliacha shule, akawa tarishi kwenye ofisi ya bima kwa dola 3 kwa wiki. Usiku alijifunza uhasibu, na mwaka wa 1874 benki ikamwajiri kama karani. Mimi pia chuo sikumaliza, na hizi stori za waliotoroka darasa wakawa matajiri zimenichosha. Ya huyu isome ukitazama anachofanya usiku.

Picha zilikuwepo tayari. Nicéphore Niépce alipiga moja Ufaransa karibu na mwaka wa 1826, kutoka dirishani kwake, na ilitaka saa nyingi za mwanga. Mwaka wa 1839 mbinu ya Louis Daguerre, mwenzake wa zamani, ikatangazwa kwa ulimwengu. Lakini kupiga picha kulibaki kazi ya fundi mwenye mzigo. Eastman aligundua hilo akiwa na miaka 24, alipopanga safari ya Santo Domingo na mwenzake kazini akamshauri abebe kamera. Kumbe kamera ni kitu kikubwa! Kuna stendi ya miguu mitatu, hema, chupa za kemikali, chombo cha maji na mabamba ya kioo. Bamba unalipaka dawa gizani, unapiga picha likiwa bado bichi, halafu unalisafisha papo hapo. Likikauka kabla hujamaliza, umepoteza. Alimlipa mpiga picha mmoja dola 5 amfundishe. Safari yenyewe hakwenda.

Huo mzigo ndio uliomkaa kichwani. Alisoma kwamba Uingereza kuna watu wanaotumia jelatini ili bamba lifanye kazi likiwa kavu. Basi mchana akawa benki, usiku jikoni kwa mamake, anakoroga na kupika dawa. Kuna usiku alilala sakafuni kando ya jiko akiwa na nguo za kazi. Mwaka wa 1880 alikodi ghorofa moja Rochester aanze kuuza mabamba makavu, na Januari 1881 akaunda kampuni na Henry Strong, mtengenezaji wa mijeledi aliyewahi kuwa mpangaji wa mamake. Mwaka huohuo akaacha benki.

Haukupita muda mambo yakaharibika. Mabamba yaliyokuwa madukani yakaanza kufa, picha hazitoki. Angeweza kusingizia joto au wauzaji. Alichofanya ni kuyachukua yote na kubadilisha kwa gharama yake, kisha akafunga kiwanda hadi ajue shida iko wapi. Kampuni ilikaribia kuzama. Kwangu mimi hapo ndipo biashara yake ilipojengwa, kabla hata jina Kodak halijakuwepo.

Jina lilikuja 1888. Alilibuni tu, halina maana yoyote, na herufi K aliipenda. Kodak ya kwanza ilikuwa boksi la mbao lililofunikwa ngozi, likiwa na ukanda wa filamu wa picha 100 ndani. Unavuta uzi, unabonyeza kitufe, unazungusha ufunguo, basi. Ukimaliza unatuma kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, wanakusafishia picha na kukurudishia kamera ikiwa na filamu mpya. Bei yake ilikuwa dola 25. Linganisha na ule mshahara wake wa kwanza: zaidi ya wiki nane za kazi bila kula.

Sasa sikiza, manake hapa kuna somo la simu yako. Kamera yoyote ni boksi la giza lenye tundu. Picha inategemea ukubwa wa tundu, muda ambao limeachwa wazi, na ukali wa kile kinachopokea mwanga ndani. Kwenye Kodak ile hukuweza kubadilisha chochote kati ya hayo. Haikuwa hata na kioo cha kuchungulia, ilikuwa na mistari tu juu ya kulenga. Mwenye nayo alibaki na vitu vitatu: mahali anaposimama, jua liko upande gani, na utulivu wa mkono.

Simu yako inakufanyia hesabu hiyo kimyakimya. Ukipiga picha kwenye chumba chenye giza, inapokea mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo tu, uso wa rafiki yako unakuwa ukungu. Kwa hivyo egemeza viwiko kwenye meza au ukuta. Mpeleke rafiki karibu na dirisha, uso uelekee mwanga. Futa lenzi, maana imejaa mafuta ya vidole. Na badala ya kuvuta kwa vidole viwili kwenye skrini, piga hatua mbili mbele. Jua la saa sita huchimba mashimo ya kivuli machoni. La saa kumi na moja jioni linakuja kwa ubavu, taratibu, na ngozi inapendeza. Ukiwa na ngozi nyeusi na ukuta mweupe nyuma, kamera hudanganywa na ule weupe. Gusa uso kwenye skrini, uongeze mwanga.

Mwaka wa 1900 kampuni ikatoa Brownie, kwa dola 1, filamu senti 15. Ililengwa watoto. Hapo picha ikaacha kuwa ya wenye nacho.

Usidhani alikuwa malaika. Kasisi mmoja, Hannibal Goodwin, aliomba hataza ya filamu laini 1887, akazungushwa hadi 1898 ndipo akaipata, na alifariki 1900 bila kufaidi. Kampuni ya Eastman iliendelea kutengeneza filamu hadi kesi ilipoilazimu kuwalipa warithi wa hataza hiyo dola milioni 5, mwaka wa 1914.

Pesa alizigawa pia, nyingi. Chuo cha MIT kilipokea mamilioni kutoka kwa mtu aliyejiita Bwana Smith, na ni 1920 tu ndipo watu wakajua ni yeye, yule wa kuacha shule. Mwaka wa 1926, akiwa mzee, alifika hapa Kenya kwa safari ya porini. Alikuwa mmoja wa waliofadhili Martin na Osa Johnson, wale waliokuwa wakipiga filamu za wanyama kule Lake Paradise, Marsabit. Alibeba kamera, na bunduki pia.

Hakuoa. Miaka ya mwisho ugonjwa wa uti wa mgongo ulimtesa hata kutembea kukawa taabu, na Machi 14, 1932, akiwa na miaka 77, alijitoa uhai nyumbani kwake Rochester. Nyumba hiyo iko bado. Tangu 1949 ni makumbusho ya picha, na mgeni yeyote anaweza kuingia.