Mjue Mtunzi: Mwana Kupona binti Mshamu

Ukiulizwa Utendi wa Mwana Kupona unahusu nini, huenda ukajibu upesi kwamba ni mawaidha ya mama kwa bintiye kuhusu ndoa. Hujakosea, ila umetoa nusu ya jibu. Kabla ya kuingia katika maudhui, mjue kwanza mama mwenyewe na hali aliyokuwa nayo alipotunga.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, visiwa vya Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mume huyo alimpinga Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, kwa miaka mingi, na majeshi ya Sultani yakaja kupigana Siyu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo usimwone mtunzi wetu kama bibi wa nyumba ya raha ambaye hakuwahi kusikia mlio wa bunduki.

Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856. (Hasimu wake, Sayyid Said, naye alikufa mwaka uo huo.) Mjane akabaki na watoto, kisha maradhi yakamwandama. Katika utendi anatueleza kwamba ugonjwa wake umetimiza mwaka. Mwaka wa 1858, yaani 1275 Hijria, bintiye Mwana Hashima alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, pengine sawa na wako. Baba hayupo, mama yu taabani. Nani angemwelekeza msichana huyo?

Hapo ndipo Mwana Kupona anamwita binti asogee, alete wino na karatasi. Zingatia tendo hilo unaposoma beti za mwanzo. Hofu ya kufa na kumwacha mtoto haikumnyamazisha, bali ilimpa kazi. Na kazi yenyewe ni nzito: kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, na cha nne kikibeba kina cha bahari hadi tamati. Beti zipo 102. Mgonjwa aliyekata tamaa hahesabu mizani.

Kuhusu utiifu kwa mume, una ruhusa ya kutokubaliana naye. Wahakiki wengi wamefanya hivyo. Toa hoja yako na uithibitishe kwa ubeti. Lakini usiishie hapo kama wafanyavyo watahiniwa wengi, kwa sababu baada ya mawaidha utendi unageuka kuwa dua, na katika dua hiyo Mwana Kupona hajifichi. Anamwomba Mungu amwondolee maradhi. Anawaombea watoto na ndugu zake. Anajitaja kuwa mtu mpweke mwenye majonzi, aliyelemewa na dhambi. Linganisha toni mbili hizi: mama anayeagiza bila kusita, na mja anayelia. Nafsineni ni yule yule. Ukilisoma agizo huku ukikumbuka kilio, utaona kwa nini anasisitiza sana mambo madogo kama usafi, adabu ya kusema na namna ya kuwatendea watu. Hatakuwapo kuyarudia.

Tena hakumtungia Hashima peke yake. Aliwaalika wanawake wote wausome, nao waliunakili kwa hati za Kiarabu na kuuhifadhi kwa moyo.

Maradhi hayakuondoka. Mwana Kupona alifariki miaka michache baada ya kumaliza utendi wake. Mwana Hashima aliishi hadi 1933. Mtafiti Mwingereza Alice Werner alipofika Lamu mwanzoni mwa karne ya 20, alimkuta huko, bibi mzee sasa, bado akiutunza utendi wa mamake.