Alan Brooke, Mpiga Mizinga Aliyemkatalia Churchill

Wakitajwa Waingereza walioongoza Vita Vikuu vya Pili, kwanza atatajwa Churchill, kisha Montgomery. Alan Brooke hukumbukwa na wachache, ilhali ndiye aliyekuwa mkubwa wa Montgomery, na ndiye aliyethubutu kumwambia Churchill hapana.

Alizaliwa mwaka 1883 kusini mwa Ufaransa, mtoto wa ukoo wa kiaskari wa Ireland, na Kifaransa alikijua kabla ya Kiingereza. Mwaka 1902 aliingia jeshi la mizinga, akatumikia Ireland na Bara Hindi.

Vita vya Kwanza vilimkuta luteni, vikamwacha luteni kanali. Kilichompandisha ni hesabu. Desturi ilikuwa kuyapiga mahandaki ya adui kwa siku nyingi, kisha mizinga inyamaze ili askari wa miguu watoke. Kimya hicho ndicho kilichowapa Wajerumani nafasi ya kuibuka na bunduki zao za rashasha. Huko Somme, mwaka 1916, Brooke alikuwa mpangaji wa mizinga ya Divisheni ya 18. Akatumia njia aliyojifunza kwa Wafaransa: makombora yaanguke mbele ya askari mfano wa ukuta, na ukuta huo usogee hatua kwa hatua kwa kufuata saa. Ukichelewa, huwaua wenyewe. Ukitangulia mno, adui amekwisha kuinuka. Mwaka 1917 alipanga mizinga ya Wakanada kule Vimy.

Mwaka 1925 motokaa aliyoiendesha ilipinduka, na mkewe Jane akafariki. Tangu hapo akawa mtu wa kimya.

Mwezi Juni 1940, baada ya Dunkirk, alirejeshwa Ufaransa kuendeleza vita ambavyo yeye aliona vimekwisha. Akabishana na Churchill kwa simu hata akakubaliwa kuwaondoa askari, na zaidi ya laki moja wakavuka salama. Lau angetii tu, wangalitekwa bure.

Labda ndiyo sababu Churchill alimfanya Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, Desemba 1941. Usiku Waziri Mkuu akizua mipango, Brooke akiipinga, wakati mwingine akivunja penseli kwa hasira. Kisha huenda kumwandikia mkewe wa pili, Benita, katika shajara yale aliyoyameza mchana.

Kubwa alilolimeza ni la Agosti 1943. Churchill alikuwa amemwahidi uongozi wa jeshi la kuikomboa Ufaransa. Huko Quebec akamwambia kuwa atapewa Mmarekani. Brooke hakujiuzulu. Mimi naona kazi hiyo alistahili.

Shajara zilipoanza kuchapishwa mwaka 1957, Churchill alichukizwa. Zilitoka kamili mwaka 2001, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa.

Brooke alifariki Juni 1963. Alipenda ndege wa porini kuliko vyeo. Lakini baada ya vita fedha zilimpungukia, akauza nyumba, akahamia kijumba cha mtunza bustani wake, na vitabu vyake vya thamani vya ndege akaviuza pia.