Daktari Adrien Atiman, Katekista wa Karema

Jimbo letu la Mpanda liliundwa mwaka 2000, likamegwa kutoka Jimbo la Sumbawanga. Lakini kila mtu wa kwetu ajua ya kuwa mbegu yenyewe ni ya zamani zaidi, nayo ilipandwa Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Watu wafanyapo yubilei hupenda kuhesabu maaskofu na mapadre waliotangulia, na hiyo ni haki. Sisi katika kurasa hizi twataka kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa askofu, wala padre, wala shemasi, naye alikaa Karema miaka 67 akifundisha dini na kutibu wagonjwa. Jina lake Adrien Atiman.

Sababu ya kumkumbuka tuliipata tulipokuwa tukisoma Nyaraka mbili kwa Timoteo na ule kwa Tito, ambazo makatekista wa vigango wazijua sana, kwa kuwa zasema habari za kazi yao. Ni nyaraka fupi; mtu aweza kuzimaliza zote tatu kwa jioni moja, na taa haijaisha mafuta. Timoteo aliachwa Efeso, na Tito kisiwani Krete, ili wachague wazee na mashemasi wanaofaa, tena wayalinde mafundisho yasiharibiwe. Wataalamu wengi wa siku hizi wadhani ya kuwa nyaraka hizi ziliandikwa na mwanafunzi wa Mtume Paulo baada ya Mtume kufa. Hoja hiyo twawaachia wenyewe, maana Kanisa lazipokea zote kuwa Maandiko Matakatifu, na neno tunalotaka kulitazama limo vile vile, aliyeandika awe nani.

Neno lenyewe ni lile la mafundisho yenye uzima. Kwa Kiyunani ni neno la afya ya mwili, ambalo watu walilitumia kwa mtu asiye na ugonjwa. Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa sana, kwani kila asubuhi twaulizana kama tu wazima. Naye mwandishi aendelea vivyo hivyo kama mganga: mafundisho ya uongo ayafananisha na donda-ndugu lienealo mwilini, watu wapendao ubishi wa maneno awahesabu kuwa wagonjwa, na Timoteo mwenyewe ampa shauri la kutumia divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Tena, katika mlango wa kwanza kabisa wa Waraka wa kwanza, aorodhesha matendo yapinganayo na mafundisho hayo yenye uzima. Na humo, karibu na wauaji na waapao uongo, amewaweka wezi wa watu, yaani wale wanaowakamata wanadamu ili kuwauza. Wasomaji wengi hupita hapo kwa haraka wakiwahi habari za maaskofu na mashemasi. Lakini mtu wa Karema hawezi kupita haraka.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa bado mtoto mdogo aliibwa na watu wa jangwani, akatengwa na wazazi wake, akavushwa Sahara pamoja na bidhaa nyingine. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha katika nyumba zao. Hatutaki kuongeza maneno juu ya safari ile ya jangwani. Mwenyewe alisimulia maisha yake alipokuwa mzee, yakapigwa chapa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na atakaye ayatafute huko.

Aliyewaanzisha Mapadre Weupe, mwaka 1868, ni Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Kabla ya kupewa uaskofu alikuwa mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne mjini Paris, na kwa hiyo alipenda sana kutazama jinsi Wakristo wa kwanza walivyofanya. Mambo mawili yalitoka katika mapenzi yake hayo, yote mawili yakaigusa nchi yetu. La kwanza ni muda wa kujifunza dini. Aliamuru ya kuwa mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya kufundishwa na kujaribiwa, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Wengine waliona ni muda mrefu kupita kiasi, hasa mahali ambapo wamisionari wa madhehebu mengine walibatiza upesi zaidi. Lakini yeyote aliyesoma jinsi Timoteo anavyokatazwa kumweka mwongofu mpya kuwa msimamizi, au kumwekea mtu mikono kwa haraka, atatambua Lavigerie aliichota wapi roho ya amri yake.

La pili ni shauri la kufanya waganga makatekista. Lavigerie aliona ya kuwa Mwafrika aliyesomea uganga angeingia penye milango iliyofungwa mbele ya Mzungu, angepokewa na wagonjwa, na angeishi kati ya watu akiwa na mke na watoto kama wao. Basi mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta, akawapeleka huko vijana waliokombolewa utumwani, nao wakasoma uganga. Atiman alikuwa mmoja wao. Chuo chenyewe hakikudumu, wala waganga waliotoka humo hawakuwa wengi kama alivyotumaini mwenye shauri. Sisi twaona ya kuwa, hata kama kingemtoa Atiman peke yake, gharama yake ingalikuwa imelipwa.

Mwaka 1888, wakati Kardinali akizunguka katika miji mikuu ya Ulaya akihubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa, Atiman alifunga safari ya Afrika ya Mashariki pamoja na wamisionari. Walikwea kwa miguu katika njia za misafara, ambazo ndizo zilizotumika kuteremshia pembe na watumwa, mpaka ziwani. Karema akafika mwaka 1889, kijana wa yapata miaka 23, hajui lugha ya nchi, wala hana ndugu hata mmoja upande huu wa bara.

Karema ya siku zile yafaa tuieleze, maana vijana wetu wengi waijua kwa samaki wake tu. Boma lilijengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili, chini ya Kapteni Cambier. Wadachi walipoipata nchi ya upande huu, Wabelgiji wakaondoka, na mwaka 1885 Mapadre Weupe wakalipokea boma pamoja na watu walioishi kando yake. Ziwani biashara ya watu ilikuwa bado ikiendelea. Rumaliza wa Ujiji alikuwa na nguvu, na ng'ambo ya pili, upande wa Mpala, Kapteni Joubert alikuwa akiwalinda watu kwa bunduki. Wamisionari wa Karema waliwakomboa watoto, wakawalea misioni. Walipokua wakaozwa na kupewa mashamba karibu na misioni. Waandishi wa historia wa siku hizi wameuliza kama watoto wale walikuwa huru kweli kweli, ikiwa walikaa chini ya amri ya mapadre na kufanya kazi waliyoagizwa. Swali hilo si baya, wala yubilei haiwi ndogo kwa kuulizwa. Ila katikati ya watoto wale alitembea daktari aliyekuwa ameibwa na kununuliwa kama wao, akawafundisha kwa kinywa chake. Hakuna padre aliyeweza kuwafundisha hivyo.

Hapa hatuwezi kuficha jambo lililowatatiza wengi. Waraka ule ule unaowahesabu wezi wa watu pamoja na wauaji, karibu na mwisho wake wawaagiza watumwa walio chini ya nira kuwaheshimu bwana zao. Maneno hayo yalisomwa kwa karne nyingi na watu waliofuga watumwa, nao wakajiona wana haki. Katika Marekani yalihubiriwa mbele ya watumwa wenyewe. Twawezaje kuyashika yote mawili? Wapo wasemao ya kuwa mwandishi aliwahurumia watumwa Wakristo wa Efeso, asitake wauawe kwa kuasi au jina la Mungu litukanwe kwa ajili yao. Huenda ni hivyo. Sisi twaona zaidi ya hapo: pale anaposema na watumwa, anasema na watu waliokwisha kunaswa, awape njia ya kuishi, bali pale anapoyapima mafundisho yenyewe, yapi ni mazima na yapi ni magonjwa, hapo mwizi wa watu hana mahali pa kusimama. Katika Torati pia aliyeiba mtu na kumwuza hukumu yake ilikuwa kifo. Kanisa lilichelewa mno kuyafuata maneno haya mpaka mwisho wake, na kuchelewa huko kulilipwa na watoto kama Atiman.

Mwaka 1891 Mhashamu Lechaptois aliwekwa kuwa mkuu wa Kanisa katika nchi hizi za ziwa, akaliongoza hata alipofariki mwaka 1917. Katika miaka hiyo Karema ikawa mahali pa kutoa walimu wa dini na kulea waseminari. Daktari alikuwa pale siku zote. Alifunga majeraha, alipasua penye lazima, alitoa dawa za Kizungu zilipokuwapo. Zilipokwisha, alitumia miti na mizizi aliyojifunza kwa wenyeji, maana hakuwa mtu wa kudharau ujuzi wa nchi. Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi na kwa machela, Wabende, Wafipa, na watu wa ng'ambo. Kwa mgonjwa aliyekaribia kufa, yeye alikuwa mganga na katekista kwa wakati mmoja. Kila mwalimu wa kigango cha mbali, ambako padre hufika mara chache, aelewa uzito wa mambo hayo mawili yakiwa mabegani pa mtu mmoja.

Alioa binti wa Kibende, Agnes Wansahira. Tunataka kukaa kidogo juu ya ndoa hii, kwa sababu nyaraka tulizozitaja zataka mambo ambayo msomaji huenda asiyatazamie. Zikimweleza mzee wa Kanisa hazianzi na elimu wala ufasaha. Zauliza kama ni mume wa mke mmoja, kama hanywi kupita kiasi, kama si mgomvi, kama hapendi fedha, kama watu walio nje ya Kanisa wamshuhudia vema, na kama nyumba yake mwenyewe imetengenezwa. Maana aliyeshindwa nyumbani atalitunzaje Kanisa la Mungu? Atiman hakuitwa kuwa mzee wa Kanisa kwa kuwekewa mikono. Lavigerie alitaka waganga wake wawe watu wa ndoa, basi njia ya upadre haikuwa yake. Lakini zile alama zilizoandikwa kwa ajili ya maaskofu na mashemasi, watu wa Karema waliziona katika nyumba ya daktari, wakaziona miaka mingi mno hata zisiweze kuwa za kuigiza. Waliokuwa si Wakristo nao walimjua na kumwamini, kwa kuwa aliwashika vidonda vyao.

Mwanawe Joseph akawa padre. Nyaraka zasema ya kuwa yale Timoteo aliyoyasikia ayakabidhi kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Tena zamkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake na mama yake. Kwa Padre Joseph Atiman imani haikuwa na bibi wala babu wa kuitia ndani ya ukoo, maana upande wa baba ukoo wote ulibaki ng'ambo ya Sahara. Ilianza na mtu aliyeibwa, ikakaa katika nyumba ya Agnes, ikafika altareni.

Daktari aliishi hata akawaona Wadachi wakija na kuondoka, na Waingereza wakishika mahali pao. Alizitazama vita kuu mbili akiwa pale pale ufukoni. Watu aliowaona wakizaliwa akawaona wakizeeka. Uzee haukumtoa katika kazi upesi. Wagonjwa walizoea kumwendea, naye alizoea kuwapokea. Mwaka 1956 alifariki huko Karema, umri wake yapata miaka 90.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Karema ilipata askofu mzalendo, Mhashamu Karolo Msakila. Mwaka 1969 makao ya jimbo yalihamia Sumbawanga, na huko hospitali ya Kanisa yaitwa hata leo kwa jina la Dr. Atiman. Wagonjwa walio wengi hulitaja jina hilo wakiwa foleni, kadi mkononi, wala hawajui ya kuwa lilikuwa jina la mtoto aliyeibwa kando ya mto Niger.