William Walker: Mzamiaji aliyeokoa kanisa lililokuwa likizama

MAJI yakishaingia chini ya msingi wa jengo, mwenye mali hutafuta mambo mawili: fedha na fundi. Fedha zinaweza kukopwa au kuchangishwa. Fundi ni suala jingine, kwa kuwa ujuzi wake hujengwa kwa miaka, na siku unapomhitaji ni lazima awe amekwishaandaliwa na mtu.

Hali hiyo iliwakuta viongozi wa Kanisa Kuu la Winchester, kusini mwa Uingereza, mwaka 1905. Jengo lenye urefu wa takriban mita 170, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1079, lilikuwa linapasuka. Upande wa mashariki kuta zilikuwa zimeinama, nyufa zilikuwa zinapanuka na vipande vya mawe vilikuwa vinaanguka kutoka juu.

Mtu aliyekuja kuwa mkombozi wa jengo hilo hakuwa askofu wala tajiri. Alikuwa fundi mzamiaji, William Walker, ambaye kwa zaidi ya miaka mitano alishuka kwenye mashimo yaliyojaa maji na kuweka msingi mpya kwa mikono yake.

Alipanda ngazi moja baada ya nyingine

Walker alizaliwa jijini London mwaka 1869. Mwaka 1887, akiwa bado kijana, alianza kujifunza uzamiaji katika karakana ya meli za kijeshi mjini Portsmouth.

Hakutumbukizwa majini siku ya kwanza. Alipimwa afya kwanza. Baada ya hapo alikuwa mhudumu wa wazamiaji, kisha msaidizi wao. Mhudumu hukaa juu ya maji. Humvisha mzamiaji vazi lake, hukagua kofia na mpira wa hewa, na hushika kamba ambayo mzamiaji huivuta anapotaka kutoa taarifa. Kijana aliyefanya kazi hiyo ipasavyo huwa amejifunza nusu ya uzamiaji kabla hajalowa. Anajua kifaa gani huharibika na mzamiaji huhitaji nini akiwa taabani.

Mwaka 1892 Walker alihitimu kuwa mzamiaji wa kina kirefu. Yaani maandalizi yake yalichukua takriban miaka mitano. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya Siebe Gorman ya London, iliyokuwa maarufu kwa kutengeneza vifaa vya kuzamia, na akahesabiwa miongoni mwa mafundi wake wenye uzoefu mkubwa zaidi. Kanisa lilipohitaji mzamiaji, kampuni hiyo ilikuwa na mtu aliyekwishaiva.

Chanzo kilitafutwa kabla ya fundi

Viongozi wa kanisa hawakukimbilia kuziba nyufa. Msanifu majengo Thomas Graham Jackson aliitwa kuchunguza, naye akaagiza mashimo yachimbwe kando ya kuta ili msingi uonekane.

Kilichoonekana kilikuwa cha kutisha. Upande wa mashariki, ulioongezwa mwanzoni mwa karne ya 13, ulikuwa umejengwa juu ya magogo yaliyolazwa kwenye ardhi ya majimaji. Chini ya magogo kulikuwa na tabaka la udongo laini mweusi, uliotokana na mimea iliyooza kwa karne nyingi. Udongo wa aina hiyo hubonyea kama sifongo ukibebeshwa mzigo. Changarawe imara ilikuwa chini zaidi, na maji yalikuwa yamejaa kote.

Jackson alimwita mhandisi Francis Fox. Kwanza kuta ziliegemezwa kwa miti mikubwa, kisha uji wa saruji ukasukumwa kwa mashine ndani ya nyufa. Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa udongo mbovu na kujenga msingi mpya juu ya changarawe. Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kila wachimbaji walipotoboa tabaka lile jeusi, maji yalipanda kwa kasi na kujaza shimo.

Pampu zilijaribiwa. Lakini kuvuta maji kwa nguvu kulikuwa na hatari ya kuondoka pia na mchanga uliokuwa chini ya kuta, hivyo dawa ingeweza kuangusha jengo haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Fox akaamua maji yaachwe mahali pake, na atafutwe mtu anayeweza kufanya kazi ndani yake.

Hatua hiyo ndiyo iliyoamua mambo yote yaliyofuata. Waashi wa kawaida walikuwepo, ila hawangeweza kufanya kazi katika shimo lililojaa maji. Baada ya tatizo kueleweka ndipo ilipojulikana ni ujuzi gani wa kununua.

Kazi iliyofanywa kwa kupapasa

Walker alianza kushuka mwaka 1906. Kando ya kuta za kusini na mashariki yalichimbwa mashimo yapatayo 235, kila moja likiwa na kina cha takriban mita sita. Maji yalikuwa meusi kwa tope kiasi kwamba hakuna mwanga uliopenya. Walker hakuona alichokuwa akikifanya, bali alipapasa.

Utaratibu ulikuwa huu. Vibarua walichimba shimo chini ya ukuta mpaka karibu na maji. Walker alishuka, akaondoa udongo laini uliobaki hadi kufikia changarawe. Kisha alishushiwa mifuko iliyojaa mchanganyiko wa zege. Aliipanga sakafuni, akaipasua na kuikanyaga ili zege ishikamane na kuziba njia ya maji kutoka chini. Aliweka tabaka juu ya tabaka.

Zege ilipokauka, shimo lilikuwa limegeuka kama ndoo yenye kitako. Sasa maji yaliyobaki yangeweza kuvutwa kwa pampu bila kuhamisha mchanga wa chini. Waashi waliingia wakiwa wakavu na kujenga kwa matofali ya zege na ya udongo hadi kufikia tumbo la ukuta wa zamani. Kazi ikahamia shimo jingine.

Mashimo hayakufunguliwa yote kwa pamoja, maana ukuta ungekosa pa kusimama. Kwa sababu hiyo kazi ilikuwa ya polepole. Hadi Septemba 1911 Walker alipomaliza, ilikuwa imetumia mifuko zaidi ya 25,000 ya zege, matofali ya zege 115,000 na matofali ya kuchoma 900,000.

Fundi mmoja, vibarua 150

Takwimu hizo husimuliwa mara nyingi kana kwamba Walker alizibeba peke yake. Ukweli una faida zaidi kwa mtu wa biashara. Katika mradi huo kulikuwa na wafanyakazi wapatao 150, wakiwemo wachimbaji, waashi, maseremala na waendesha pampu. Walker alifanya kipande kile tu ambacho mwingine asingeweza kukifanya, yaani kusafisha kitako cha shimo na kukiziba.

Mgawanyo huo ndio uliofanya gharama yake iwe na maana. Mzamiaji ni fundi ghali. Ana vifaa maalumu, na huhitaji watu wa kusukuma hewa na mhudumu wa kushika kamba muda wote akiwa chini. Kumpa fundi wa namna hiyo kazi ya kubeba tofali ni hasara. Lakini kumkosa pale anapohitajika kulimaanisha wafanyakazi 150 wangekaa kando ya mashimo yaliyojaa maji huku mishahara ikiendelea.

Kazi yote ya kuokoa kanisa iligharimu takriban pauni 113,000, fedha nyingi sana kwa wakati huo.

Jambo jingine ni kwamba Walker aliachwa aendelee na kazi hiyo mpaka mwisho. Mtu aliyefanya shimo la kwanza ndiye aliyefanya la mwisho. Katika kazi inayofanywa gizani, mazoea ya mkono ndiyo macho. Angebadilishwa fundi kila msimu, kila mmoja angelazimika kuanza kujifunza upya jinsi udongo wa mahali pale unavyoshika na jinsi changarawe inavyohisiwa kwa vidole.

Saa, mapumziko na usalama

Vazi la Walker pamoja na kofia ya shaba na viatu vyenye risasi lilikuwa na uzito wa karibu kilo 90. Alifanya kazi chini ya maji takriban saa sita kwa siku. Kwa kuwa kuvua vazi zima na kulivaa tena kulipoteza muda mwingi, wakati wa mapumziko alivuliwa kofia tu, akala na kuvuta kiko chake akiwa amevaa vingine vyote.

Kina cha mita sita si kirefu kwa mzamiaji, kwa hiyo ugonjwa unaowapata wazamiaji wanaopanda haraka kutoka kina kikubwa haukuwa tishio kuu. Hatari zilikuwa nyingine. Giza lilikuwa nene, ukuta mzito ulikuwa juu ya kichwa chake, na maji yalikuwa machafu kwa kuwa eneo la kanisa lilikuwa na makaburi ya karne nyingi. Maisha yake yaliwategemea waliokuwa juu wakisukuma hewa na kushika kamba. Mhudumu akisinzia, ujuzi wote wa mzamiaji ungekuwa bure.

Hata hivyo afya yake ilistahimili. Husimuliwa kwamba mwisho wa wiki alipanda baiskeli na kusafiri takriban kilomita 110 kurudi kwa familia yake Croydon, karibu na London, kisha Jumatatu akarudi Winchester kwa treni.

Heshima, kifo na sanamu yenye kosa

Julai 15, 1912, ibada ya shukrani ilifanyika katika kanisa hilo. Mfalme George V na Malkia Mary walihudhuria. Walker alishukuriwa hadharani, na akatunukiwa nishani ya Kifalme ya Victoria. Ni mara chache fundi wa mikono alipewa heshima ya namna hiyo katika Uingereza ya wakati ule. Nje, upande wa kusini, kuta zilikuwa zimeongezewa nguzo za kuegemeza zilizobuniwa na Jackson.

Walker hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Oktoba 30, 1918 alifariki dunia wakati wa mlipuko wa homa ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Mwaka 1964 sanamu ndogo ya kumbukumbu yake iliwekwa ndani ya kanisa. Baadaye ikagundulika kwamba sura iliyochongwa haikuwa yake. Mchongaji alikuwa amemchanganya na mhandisi Francis Fox. Fundi alikuwa amepewa vazi lake, lakini uso ulikuwa wa bosi. Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 2001 kwa sanamu nyingine.

Funzo kwa mwenye biashara

Maisha ya Walker yana somo kwa yeyote anayeendesha biashara ya kurekebisha uharibifu wa maji, na hata kwa mwenye ghala, kisima au nyumba ya kupangisha.

Kwanza, uchunguzi hutangulia ajira. Kupaka rangi ukuta unaotoa unyevu, au kuziba ufa bila kujua maji yanatoka wapi, ni kulipa mara mbili. Winchester walichimba kwanza, wakaelewa, ndipo wakajua wanahitaji mtu wa aina gani.

Pili, fundi hulelewa. Kijana aanze kwa kushika kamba, kutunza vifaa na kumtazama anayejua. Apandishwe baada ya kuthibitika, si baada ya kuomba. Mwenye biashara anayelalamika kuwa mafundi hawapatikani ajiulize ana wanafunzi wangapi walio kwenye ngazi ya chini, kwa sababu fundi wa miaka mitano ijayo ndiye msaidizi wa leo.

Tatu, ujuzi adimu utumike mahali pake. Fundi mkuu asipoteze siku kwenye kazi ambayo kibarua anaimudu. Hapo hapo, wale vibarua wahesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake, kwa kuwa bila wao hawezi kushuka.

Nne, fundi aliyeizoea kazi atunzwe abaki. Gharama ya kumpoteza haionekani kwenye daftari siku anapoondoka. Huonekana pale mgeni anaporudia makosa ambayo yule wa kwanza alikwisha kuyaacha. Lakini kumtegemea mtu mmoja tu nako ni hatari, kwani ugonjwa au ajali vinaweza kusimamisha kazi yote. Dawa ni ile ile, yaani kuwa na msaidizi anayejifunza pembeni yake.

Tano, usalama ni mtaji. Uchovu, maji machafu na ukuta usioegemezwa vizuri humwondoa fundi kazini kabla ya wakati wake, na pamoja naye huondoka miaka yote iliyotumika kumfundisha.

Kanisa Kuu la Winchester bado limesimama. Wageni wanaoingia humo hupita kando ya kuta zilizo juu ya zege ambayo karibu hakuna aliyewahi kuiona, wala aliyeiweka hakuiona. Aliifanya sawasawa gizani, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kabla hajashuka.