Jean Jadot, mutu wa reli aliyeipatia Likasi jina lake la zamani

Hapa Golf ukipanda gari ya kwenda Likasi pamoja na wazee, utasikia mumoja anasema anaenda Jadotville. Hilo jina ni la mutu.

Jean Jadot alizaliwa mwaka 1862 kule On, kijiji cha Ubelgiji. Alisomea uinjinia Louvain, akaanza na reli ndogo za kwao. Kisha akaenda Misri, kwenye tramu za mji wa Cairo. Mwaka 1898 akatumwa China kusimamia reli ya Peking hadi Hankow, karibu kilomita 1.200, pamoja na daraja refu juu ya Mto wa Njano. Ilipoisha mwaka 1905, akarudi Ubelgiji na sifa kubwa.

Mwaka uliofuata, 1906, zilizaliwa kampani tatu: Union Minière, Forminière na BCK. Jadot alikuwa ndani ya zote, na kutokea 1913 akaongoza Société Générale, ile benki iliyozishika. Ndiyo kusema mutu mumoja alikuwa na neno juu ya shaba, juu ya almasi na juu ya treni ya kuzibeba.

Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, ikitokea kusini, Sakania. Bukama ilifikiwa mwaka 1918. Mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, leo Ilebo. BCK maana yake ni Bas-Congo hadi Katanga, lakini Bas-Congo haikufika kamwe: pale Ilebo, anayeenda Kinshasa anashuka treni na kutafuta boti.

Waliochimba udongo na kubeba vyuma majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote cha mji. Jina la Jadot liliwekwa Likasi mwaka 1931. Mwaka uliofuata akafariki, na mwaka 1966 mji ukarudia jina lake.

Lakini kazi yake haikubaki jina tu. Ile reli ya 1928 ilifungua njia kati ya Kasai na Katanga. Kampani zilikuwa zinatafuta wafanyakazi huko Kasai, na watu wakapanda treni na familia zao, wakaja migodini, kwenye karakana na ofisi za reli yenyewe. Wakazaa hapa, watoto wakaongea Kiswahili chetu.

Halafu ikaja 1992 na 1993. Wakasai walipofukuzwa, maelfu walijazana kwenye gare ya Likasi. Walilala pale na masufuria na magodoro, wiki kwa wiki, wengine miezi, wakingojea treni. Magonjwa yaliua wengi, watoto zaidi. Kati yao walikuwa watu ambao hawajawahi kuiona Kasai hata siku moja. Treni ilipokuja, ikawapitisha Bukama, juu ya reli ile ile iliyowaleta babu zao.