Hattie Alexander, daktari aliyeomba kinga kwa sungura

Kwenye karte ya chanjo, Fizi kama Baraka, kuna neno Penta. Wamama wanalijua: sindano ya paja, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani yake kuna kinga za magonjwa tano, na moja ni ya kijidudu kinachoitwa Hib. Zamani kijidudu hicho kikifika kwenye ubongo wa mtoto, karibu kila mara alikufa.

Aliyekuwa wa kwanza kukishinda vizuri ni mwanamke. Hattie Alexander alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1901. Chuoni alipenda michezo kuliko vitabu, alama zake za katikati tu. Kisha alifanya kazi ya maabara miaka kadhaa, na mwaka 1930 akapata udaktari.

Akaenda New York, kwenye hospitali ya watoto. Pale alikuta homa ya uti wa mgongo ya Hib, na wagonjwa wengi ni wadogo sana. Sababu iko kwenye damu. Mtoto anazaliwa na kingamwili za mama yake, ndizo askari wa mwili, lakini zinaisha kwa miezi michache. Zake mwenyewe za kupigana na Hib zinachelewa, pengine hadi miaka miwili na zaidi. Katikati hapo yuko wazi kabisa. Na kwa mtoto mchanga shingo haikazi kila mara: anakataa ziwa, utosi unavimba, analegea, anashikwa degedege. Kwetu wengi wanasema ni malaria, ao ni mkono wa jirani, na siku zinapita.

Wenzake walikuwa wamejaribu kingamwili za farasi, bila faida. Hattie akasikia kwamba watafiti wengine wa New York wanatumia sungura kwa nimonia. Akawachoma sungura Hib, damu yao ikatengeneza kingamwili, akazichota na kuwapa watoto. Mwaka 1939 akatangaza watoto waliopona kabisa. Akaongeza dawa za sulfa, vifo vikashuka sana.

Zilipofika antibiotike, aliona mapema kwamba vijidudu vinabadilika na kuzizoea. (Sisi tunaonunua vidonge viwili vitatu dukani, hiyo inatuhusu.) Mwaka 1964 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha madaktari wa watoto cha American Pediatric Society.

Kansa ilimuua mwaka 1968. Chanjo ya Hib ilikuja miaka ya 1980, hakuiona. Yenyewe inafundisha damu ya mtoto kutengeneza zile kingamwili alizokuwa anaomba kwa sungura. Familia zinazokimbia vita kutoka milimani mara nyingi zinafika Baraka bila karte, na dozi ziko nusu. Hata hivyo mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya: dozi zinaendelea pale ziliposimama, hazianzi upya.